Waliopiga Taipu Boma la Tukuyu

Msichana wa Matwebe aliyemaliza shule mwanzoni mwa miaka ya 70 na kutamani mshahara wa mwisho wa mwezi alikuwa na njia tatu za kuipata kazi ya kalamu: ualimu, uuguzi, au taipu. Walimu tunawakumbuka. Kila kijiji cha Rungwe kina mama anayeitwa Mwalimu hata kama alistaafu miaka ishirini iliyopita, na watu wazima wenye wajukuu bado wanamwamkia kwa adabu ya darasani. Wauguzi nao tunawakumbuka, maana hakuna mzazi anayemsahau aliyempokelea mtoto hospitali ya Makandana usiku wa mvua. Waliokwenda kwenye taipu ndio tuliowasahau. Wamerudi vijijini, wanapalilia migomba na kufuga ng'ombe wa maziwa kama wenzao, na mtu akipita kibarazani hajui kwamba yule mama anayechambua maharage ndiye aliyeandika kwa vidole vyake nusu ya mambo yaliyoifika wilaya hii.

Matwebe ni moja ya kata za Rungwe, na kama kata nyingine, kwa miaka mingi ilizijua ofisi kupitia karatasi. Tarishi alileta barua kutoka Tukuyu, mwenyekiti akaisoma mbele ya wananchi, kila mtu akaangalia sahihi na muhuri. Mkuu wa Wilaya amesema. Mkurugenzi ameagiza. Mahakama imeamua. Hakuna aliyeuliza karatasi ile ilitoka mikononi mwa nani kabla haijawekwa mezani kwa mkubwa isainiwe. Ilitoka mikononi mwa mwanamke, mara nyingi msichana wa miaka ishirini na kidogo, aliyekaa na mgongo wima tangu asubuhi kwenye chumba cha nje cha ofisi ya bosi. Mama hawa ni mashahidi wa historia ya Rungwe, na mpaka leo hatujawaita watoe ushahidi wao.

Kabla ya kuwafikia wao, kuna jambo la kusema juu ya mafaili yenyewe. Tukuyu ilianza kama makao ya Wajerumani, waliouita mji huo Neu Langenburg na kujenga boma juu ya kilima. Waingereza walipoingia wakalirithi boma, na pamoja nalo desturi ya kuandika kila kitu. Katika mafaili ya enzi hiyo wanawake wa Rungwe wamejaa tele, lakini wamejaa kama mashauri. Marjorie Mbilinyi, mwanazuoni aliyefanya utafiti wa miaka mingi wilayani humu, alichapisha mwaka 1988 makala ndefu juu ya wake waliotoroka ndoa Rungwe kati ya 1919 na 1961. Alichokikuta kwenye kumbukumbu za utawala na za mabaraza ni wanawake walioozwa bila ridhaa yao, waliokataa kurithiwa, waliofunga mizigo na kuondoka wakati waume zao wako machimboni Lupa au mbali zaidi kusini. Machifu, wazee na maofisa wa kikoloni walikaa pamoja kutafuta namna ya kuwarudisha. Malalamiko ya mwanamke yalisikilizwa na mwanamume, yakatafsiriwa na mwanamume, yakaandikwa na karani mwanamume. Alichosema yeye mwenyewe kilifika kwenye faili kimekwisha kupita vinywa vitatu.

Kwa hiyo binti wa Kinyakyusa alipokalia kiti cha mpiga chapa kwenye boma lile lile, baada ya Uhuru, yalikuwa mapinduzi ambayo hakuna aliyeyapigia ngoma. Bibi yake alikuwa ameandikwa. Yeye sasa aliandika.

Haikutokea siku moja. Ofisi za kikoloni nchini zilitegemea makarani wanaume, Wagoa na Wahindi, na katika ofisi kubwa wake wa maofisa wa Kizungu waliojua taipu na hatimkato. Mwafrika mwanamke aliyeijua kazi hiyo kabla ya 1961 alihesabika kwenye vidole, na mmoja wao aliingia kwenye historia ya taifa: Lucy Lameck wa Moshi, aliyeanza na mafunzo ya uuguzi, akageukia kazi ya ofisi, akapiga taipu na hatimkato katika chama kikuu cha ushirika cha KNCU kabla ya kwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, na kurudi kuwa mbunge na naibu waziri. Uhuru ulipokuja serikali ikahitaji Waafrika kwenye kila kiti, na kiti cha taipu kikawa kimoja cha vile walivyoruhusiwa wasichana kuvikalia bila mjadala mrefu.

Kisha yakaja mambo mawili yaliyoongeza kazi mara dufu. Mwezi Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Tunapoisimulia habari hiyo huwa tunawataja wanasiasa na wataalamu wa lugha. Tunasahau kwamba agizo lilitekelezwa na watu waliofundishwa taipu kwa vitabu vya Kiingereza, ambao Jumatatu moja walitakiwa waandike madokezo, hukumu na kumbukumbu za vikao kwa lugha ambayo istilahi zake za ofisi zilikuwa bado zinatafutwa. Mkubwa alisema nusu kwa Kiingereza, nusu kwa Kiswahili, na neno la Kinyakyusa akilikosa la kusema; karatasi ikatoka kwa Kiswahili kilichonyooka. Aliyekinyoosha nani? Kiswahili cha ofisi tunachokitumia leo, na Yah. zake na Kumb. Na. zake, kilikomaa pale kwenye chumba cha nje.

La pili ni Madaraka Mikoani ya mwaka 1972. Halmashauri zilivunjwa, wilaya zikaletewa wakurugenzi wa maendeleo na maofisa wa kila idara, na kila ofisa alikuja na mahitaji ya barua, taarifa na bajeti. Ndani ya miaka hiyo hiyo Kyela na Ileje zilimegwa kutoka Rungwe, na wilaya inapomegwa mafaili nayo hugawanywa, orodha zinaandikwa upya, kila mtumishi anatengenezewa barua. Kisha ikaja operesheni ya vijiji, ushirika ukafutwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zikachukua nafasi. Kwenye vitabu vya historia hizo ni sera. Tukuyu yalikuwa mafungu ya karatasi kwenye meza ya mtu mmoja na neno "haraka" limepigiwa mstari.

Kujifunza kazi yenyewe kulihitaji moyo. Wengine waliianza kwenye vyuo vidogo vya mjini vya kulipia, wengine kwenye ofisi za misheni. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na makanisa yalikuwa na taipu zao mapema. Lakini aliyetaka kupanda ngazi, kutoka mpiga chapa hadi katibu muhtasi, macho yake yalielekea Tabora, kwenye Chuo cha Uhazili. Kwa binti wa Matwebe hiyo ilikuwa safari ya kwenda nchi nyingine. Unapanda gari Tukuyu hadi Mbeya, unavuka milima hadi Chunya, unaingia kwenye pori la Rungwa, unatokea Sikonge, ndipo Tabora. Barabara ya vumbi kiangazi, matope masika. Wazazi waliomruhusu binti wa miaka kumi na tisa aende peke yake huko walikuwa wamejibu maswali mengi ya majirani, na wapo walioambiwa wazi kwamba wamempoteza mtoto. Wengi wa mabinti hao ndio waliokuja kuezeka nyumba za wazazi wao kwa bati na kuwasomesha wadogo zao.

Huko chuoni kulikuwa na somo ambalo nadhani hakuna kazi nyingine ya kike iliyolipita kwa ugumu. Hatimkato ni ufundi wa kuandika kwa kasi ya mtu anayezungumza. Mtindo uliotawala vyuo vyetu ni wa Mwingereza Isaac Pitman, aliyeutoa mwaka 1837. Konsonanti ni kistari kifupi, kilichonyooka au kilichopinda. Irabu ni nukta au alama ndogo pembeni, na mwandishi mwenye kasi huziacha. P na B ni kistari kile kile chenye mwelekeo ule ule, ila P ni chembamba na B ni kinene, hivyo "pata" na "bata" hutofautiana kwa mkandamizo wa penseli tu. Irabu ikishaachwa, mahali alama inapokaa ndipo panapoidokeza: ikiwa juu hewani, irabu ya kwanza ni a, ikikalia mstari wa daftari, ni e, ikiukata mstari, ni i. Pata, peta, pita. Alama moja, mahali patatu.

Sasa chukua ufundi huo, uliobuniwa kwa Kiingereza, uupeleke kwenye Kiswahili. Maneno yetu huanza na viambishi. "Wapate" na "wapite" yote mawili yanaanza na "wa", irabu ya kwanza ni ile ile, na hapo kanuni ya mahali haimsaidii mwandishi tena. Azimio la kikao linasema wananchi wapate au wananchi wapite? Msichana anarudi mezani na daftari lake, anasoma alama zake nusu saa baada ya kikao, na lazima ajue. Anajua kwa sababu alikuwa anasikiliza maana, akiijua habari inayozungumzwa, akimjua anayezungumza. Watu waliomwona kama mashine ya kunasa sauti hawakuelewa kwamba bila akili yake kumbukumbu za kikao zisingekuwapo. Vigezo vya ajira serikalini kwa miaka mingi vilidai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, yote mawili, kwa maneno 80 au 100 kwa dakika moja. Jaribu kusoma kwa sauti maneno mia moja kwa dakika, halafu mfikirie aliyeyaandika.

Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Aliingia kazini katikati ya miaka ya 70, akafanya kazi katika ofisi kadhaa za Tukuyu, na alipostaafu alirudi nyumbani kulima. Ukimkuta ana nafasi atakuonyesha mkono wake wa kushoto. Kidole kidogo cha mkono huo kimejikunja kuelekea ndani na asubuhi za baridi ya Julai hakinyooki mpaka akipashe kwa kikombe cha chai. Anaijua sababu, na mtu yeyote anayejua mpangilio wa herufi za taipu atamwelewa. Kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko karibu vyote, ndicho kinachopiga herufi a. Kwa Mwingereza si tatizo kubwa, maana herufi inayomrudiarudia zaidi ni e, na hiyo hupigwa na kidole cha kati chenye nguvu. Kwa Kiswahili kila kitu ni a. Andika "Halmashauri ya Wilaya" na kidole hicho kimegonga mara sita. Na taipu za wakati ule zilikuwa za mkono, hazina umeme. Kila herufi ni nyundo ya chuma unayoirusha kwa nguvu ya kidole chako. Ukiweka karatasi nne na kaboni tatu katikati yake, lazima ugonge mpaka nakala ya chini isomeke. Nakala iliyopigwa na mwanagenzi unaitambua kwa herufi a zilizofifia. Mama mdogo alijifundisha kukipa nguvu ya ziada kidole kile kidogo, siku baada ya siku, mpaka a zake zikalingana na herufi nyingine. Anayasema haya kwa fahari, na ana haki.

Makosa yalikuwa na bei yake. Ukikosea herufi moja kwenye barua yenye nakala tatu, ulifuta mara nne, ukichomeka kipande cha karatasi nyuma ya kila nakala ili kaboni isiache doa, kisha ukarudisha mahali pake sawasawa na kugonga tena. Bosi akibadilisha aya, unaanza upya ukurasa mzima. Kazi ya stensili ilikuwa ngumu zaidi. Unaondoa utepe wa wino, unagonga herufi tupu ili zichane utando wa nta, na huoni vizuri unachokiandika. Kosa hufutwa kwa dawa nyekundu ya majimaji inayonuka, unapuliza, unasubiri ikauke, unagonga juu yake kwa uangalifu, maana ukizidisha nguvu herufi o hukatika yote na karatasi zote zitakazotoka zitakuwa na duara jeusi. Stensili ikikamilika inavishwa kwenye mashine ya saiklostaili, mtu anazungusha mkono, na nakala mia mbili za mtihani wa darasa la saba wa majaribio au za ajenda ya kikao zinatoka zikiwa mbichi. Wino ule haukutoka kwenye kitenge. Wanawake wa taipu wa Tukuyu walijulikana sokoni kwa vidole vyao.

Na Tukuyu ina mambo yake. Mvua hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kuna miezi jua halionekani wiki nzima, ukungu unaingia hadi ndani ya ofisi. Karatasi hunyonya unyevu ikajikunja, shuka mbili zikashikana zikaingia pamoja kwenye taipu. Chuma hupata kutu. Mama waliifunika mashine kila jioni kwa kitambaa walichoshona wenyewe, walipaka mafuta kidogo kwenye vyuma, walisafisha herufi kwa mswaki wa zamani na sindano, maana e, o na a zikijaa uchafu huandika madoa. Wapo waliokabidhiwa mashine moja wakaitumia mpaka kustaafu. Fundi alikuwa Mbeya, na kupata kibali cha kuipeleka kulihitaji barua. Barua ingepigwa na nini?

Nimewasikia wengi wao wakiulizwa juu ya siri, na huo ndio wakati wanapokaa vizuri kwenye kiti. Katibu muhtasi alijua nani atahamishwa kabla mwenyewe hajajua. Alipiga barua ya onyo ya jirani yake, akapiga barua ya kumwachisha kazi shemeji yake, akatoka saa tisa na nusu akasalimiana na mke wa mtu huyo njiani na kuuliza habari za watoto. Majalada ya siri yalipita mikononi mwake. Karatasi ya kaboni iliyotumika mara moja hubaki na maneno yakisomeka, kwa hiyo za barua za siri alizichoma yeye mwenyewe. Wakuu wa wilaya huja na kuondoka kila baada ya miaka michache. Katibu alibaki, akampokea wa pili na wa tatu na wa saba, akajua kila shauri la ardhi lilianzia wapi na faili lake lilipo masjala. Bosi mpya mwenye busara alimwuliza kwanza yeye. Mwananchi wa kijijini aliyezungushwa miezi sita alikuja kugundua kwamba ofisi ile ina mtu mmoja anayejua, akaja siku nyingine na mkungu wa ndizi na kusema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.

Ningependa kuishia kwenye heshima, lakini mama hawa wenyewe hawaishii hapo, nami sitaishia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikapigwa marufuku. Kelele ilikuwa zaidi Dar es Salaam, ila picha iliyochorwa ilifika kila mahali: msichana wa ofisini ni mtu wa anasa, anakula mshahara wa wananchi kwa kujipamba. Msichana wa Tukuyu aliyevaa gauni la kushona mwenyewe na sweta la kujikinga na ukungu alibebeshwa sifa hiyo hiyo. Akichelewa kazini kwa sababu ya bajeti, kijiji kilisema alikuwa na bosi. Akipandishwa cheo, ni bosi. Asipoolewa, ni bosi. Na bosi mwenyewe, katika ofisi zaidi ya moja, aliamini hivyo pia na kudai. Mpaka Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipokuja, unyanyasaji wa namna hiyo ofisini haukuwa na jina kwenye vitabu vya sheria; wapo walioomba uhamisho bila kusema sababu, na barua ya kuomba uhamisho wakaipiga wenyewe. Mama mdogo anao mmoja wa hao katika marafiki zake. Akimtaja hushusha sauti, ingawa imepita miaka arobaini.

Lipo pia la kusifu, na watu wa umri wangu hatulijui. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilibadilishwa, mwanamke aliyeajiriwa akapata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, awe ameolewa au hajaolewa. Kabla ya hapo binti asiye na ndoa aliyepata ujauzito alijua kazi imekwisha. Ukimkuta mama wa taipu aliyejifungua mwaka 1974 na mwingine aliyejifungua 1976, wakae pamoja wasimulie, utaelewa maana ya sheria kuliko ukiisoma.

Halafu ikaja miaka ya 80. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, hazina ilikuwa tupu, na ofisi zikakosa karatasi. Barua ziliandikwa nyuma ya barua za zamani. Unaweza kuikuta leo taarifa ya mifugo ambayo upande wa pili ina tangazo la mkutano wa miaka mitano nyuma. Utepe ulipokauka uligeuzwa ukatumika upande wa chini, ukaloweshwa mafuta kidogo ukatumika tena. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilipoanza uzalishaji mwaka 1985, ilikuwa habari njema kwenye vyumba hivi kuliko mahali pengine popote. Taipu zenyewe zilikuwa zimedumu kwa sababu nyingine pia: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo imelaumiwa sana kwa kutuchelewesha, na lawama ni ya haki, lakini iliwapa wanawake hawa miaka kumi na zaidi ambayo wenzao wa nchi nyingine hawakuipata.

Kompyuta zilipoingia miaka ya 90, ziliingia pamoja na upunguzaji wa watumishi. Ngazi za chini ndizo zilizokatwa kwanza: matarishi, wahudumu, makarani, wapiga chapa. Wenye cheti cha Tabora na hatimkato walipelekwa kozi fupi wakajifunza kuwasha kompyuta na kufungua faili lisiloshikika. Wenye taipu peke yake waliambiwa asante. Na walioajiriwa kama vibarua, waliopigwa tarehe mwezi hadi mwezi miaka kumi na mbili bila kuthibitishwa, waliondoka bila kiinua mgongo, wao walioandaa fomu za mafao za kila mtu aliyestaafu mbele yao. Hili linaniuma kuliko vidole vilivyopinda.

Nchi hii imeongozwa na mwanamke aliyeanzia kwenye ngazi hizo. Samia Suluhu Hassan aliajiriwa Zanzibar mwaka 1977 kama karani katika wizara iliyoshughulikia mipango na maendeleo. Alipoapishwa kuwa Rais, Machi 2021, mama waliowahi kubeba mafaili walikuwa na sababu yao ya kutazama televisheni siku ile. Kazi yenyewe nayo imebadilishwa jina: chuo cha Tabora sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye kampasi Mbeya, mwendo wa saa mbili kutoka Tukuyu, na kada inaitwa Mwandishi Mwendesha Ofisi. Binti wa Matwebe hahitaji tena kulivuka pori la Rungwa.

Wa kabla yake wamebaki wapi kwenye kumbukumbu? Tazama barua ya zamani ya serikali, chini kabisa pembeni. Kwenye baadhi utaona herufi za mwanzo za majina ya mkubwa, mkwaju, kisha herufi mbili ndogo. Hizo mbili ndogo ni yeye. Kwenye tasnifu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam za miaka ile utamkuta kwenye ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho, baada ya mke na watoto. Mahali pengine hayupo kabisa.

Rungwe inajua kufanya vizuri zaidi ya hapo. Rebeka Kalindile, mkulima wa wilaya hii, alisimulia maisha yake kwa Mbilinyi, na sehemu ya simulizi hiyo ikachapishwa mwaka 1991 katika kitabu cha maisha ya wanawake wa Tanzania kilichohaririwa na Magdalene Ngaiza na Bertha Koda. Alizungumza kwa maneno yake, juu ya ndoa, kanisa, shamba na uongozi, na leo msomaji yeyote anaweza kumsikia. Kwa mama wa ofisini hatuna kitabu cha namna hiyo, na kukipata hakuhitaji fedha za wafadhili. Halmashauri inayo orodha ya wastaafu wake. Ofisi za Moravian na za Dayosisi ya Konde zinazo zao. Vijana wa sekondari za Rungwe wanazo simu zinazorekodi sauti saa nzima. Waende Matwebe, Masoko, Kiwira, Katumba, waamkie vizuri, wasaidie kuchambua maharage kwanza, kisha waulize: uliingiaje kazini, ulipiga nini siku ile ushirika unafutwa, ni barua gani ulikataa kuipiga, nani alikufundisha, nani alikusumbua, mafao yako yalikuwaje. Waombe kuona daftari la hatimkato kama lipo, na aliyeandika awasomee, kwa sababu alama zile kila mtu alizifupisha kwa njia yake na akiondoka hakuna mwingine atakayezisoma. Waanze na walioingia kazini kabla ya 1972. Mdogo kuliko wote kati yao amepita miaka sabini.